Nilazeni Chini

Mfano huu aliusimulia kwanza Bibi Nakijwa, mwaka 1979, huko Upareni, siku tulipompokea mke wa mwanawe wa pili. Alisema tangu mwanzo kwamba mama mkwe aliyemo ni yeye, ili asiwepo wa kuulizauliza. Nauandika kama alivyousema.

Mtu mmoja alikuwa na ndiva ya kulinda, bwawa la udongo lililonywesha mashamba ya mteremko mzima. Jina lake Ndekirwa. Kila asubuhi alipita juu ya ukuta wa bwawa, akiubonyeza kwa kidole gumba. Palipokuwa laini aliongeza udongo. Maji yalipojaa mno aliyafungulia, ukuta upumzike. Watu walimsifu, na alistahili.

Mkewe, Namkunda, alikuwa na mimba ya tatu. Mishipa ya mguu wake wa kushoto ilikuwa imevimba kutoka gotini hadi kwenye kifundo, myeusi, imejikunja kama mizizi iliyofukuliwa. Jioni mguu ulimwaka moto. Nesi wa zahanati alimpa bandeji na maneno: ufunge mguu kabla hujashuka kitandani, usisimame muda mrefu, mchana ulale, uinue miguu, na mshipa ukipasuka, ulale papo hapo ulipo, mguu juu, mtu akandamize jeraha kwa kitambaa. Namkunda aliyafikisha yote nyumbani. Mumewe alisema atazungumza na mama. Hakuzungumza.

Siku moja mama mkwe alimkuta amelala mchana, miguu juu ya gunia la mahindi. Akasimama mlangoni. "Mkwe, umeshakufa tuje kukuosha? Mimi nimezaa saba, na miguu yangu sikuwahi kuitundika." Wanawake waliokuwa uani wakacheka. Namkunda akaiteremsha miguu. Hakuiinua tena.

Ikaja siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kutengeneza ukuta wa ndiva. Namkunda alisimama jikoni tangu alfajiri akipika makande, kisha akayapeleka, akasimama tena kuwapakulia watu arobaini. Ukingo wa debe ukamkwaruza kwenye muundi wa mguu ule wa kushoto. Hakusikia maumivu makubwa. Alisikia kiatu kimejaa.

Damu ilikuwa nyeusi, na haikukatika. Wanawake wakadhani mimba inatoka. Mama mkwe akamshika mkono mmoja, wifi yake Naetwe akamshika wa pili, wakaanza kumpandisha mlima kwenda nyumbani. Namkunda akasema, "Mama, nilazeni chini."

"Si hapa," mama akajibu. "Wanaume wanatazama."

Hawakuwa wakitazama. Upande wa chini wa ukuta ulikuwa umeanza kuvuja, na Ndekirwa na wenzake wote walikuwa wamepiga magoti kwenye tope, wakiuziba kwa mikono. Wakauokoa. Namkunda alitembezwa hatua kama mia tatu, wima, na kila hatua ilimwaga damu. Walipomlaza kitandani, mguu haukuwa na kitu tena cha kutoa. Mtoto alimfia tumboni, naye akafa kabla nesi hajafika.

Hapo Bibi Nakijwa alimtazama mke mpya, kisha akatugeukia sisi tuliobaki, akauliza: "Mwenzenu akisema nilazeni, mtamlaza, au mtaangalia kwanza ni nani anatazama?"



Ndekirwa alifariki mwaka 1990, akiwa bado mlinzi wa ndiva. Bibi Nakijwa alimfuata miaka miwili baadaye. Aliye hai ni Naetwe. Anasema mwili wa wifi yake ulivuta kwenda chini njia nzima, naye siku hizo alikuwa na nguvu, akaushikilia.