Mgongo wa Radi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mnaoota moto kule nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, lakini watu hawasikilizi, paliishi Bwana Faki na mkewe, Bi Mize. Walikuwa na farasi, jina lake Radi. Bi Mize alimlea tangu mdogo kwa pumba na uji, akampenda kuliko alivyompenda Bwana Faki siku za palizi. Maana siku za palizi Bwana Faki alikuwa na ugonjwa wake. Jembe likitajwa tu, hushika kiuno. "Mke wangu, mgongo unauma." Magugu yakiisha, mgongo nao hupona.

Katika mji ule watu walikuwa na desturi ya kushonea hirizi ndani ya tandiko la farasi, kumkinga na kijicho. Bwana Faki akashonea yake. Kulipokucha akampanda Radi, Radi akagoma.

"Una nini?" akauliza Bwana Faki.

"Mgongo unauma," akasema Radi.

Bwana Faki akacheka. "Kisingizio hicho nakijua. Hii ni jeuri." Akashonea hirizi ya pili, ya kuondoa jeuri, kubwa kuliko ya kwanza.

Siku ya pili Radi akagoma, akapiga mateke.

"Una nini?"

"Mgongo unauma."

"Jeuri imekomaa," akasema Bwana Faki. Akashonea ya tatu, hii ndani ya kikopo cha bati chenye pembe nne.

Siku ya tatu Radi hakupiga mateke. Alipiga magoti, na Bwana Faki akatangulia mbele kwa kichwa.

"Una nini?" akauliza kutoka kwenye matope.

"Mgongo unauma."

"Kesho unakwenda kwenye kinu cha ufuta. Utakizunguka mpaka ufe."

Bi Mize akasikia uchungu. Mumewe alipokwenda kuoga, alimvua Radi tandiko, akamwambia atembee. Radi akatembea vizuri tu. Bi Mize akaanza kumbinya kwa kidole gumba, taratibu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Radi akatulia, akatulia, halafu ngozi ikamcheza. Bi Mize akarudia kutoka kiunoni hadi mabegani. Ikacheza pale pale, mahali pasipozidi kiganja.

Jeuri haikai mahali padogo hivyo, akawaza Bi Mize. Akaligeuza tandiko, akalipapasa, akaisikia pembe ya bati.

Mumewe aliporudi, alimpokea kwa upole. "Mume wangu, kabla hujampeleka, hebu inama kidogo."

Bwana Faki akainama. Bi Mize akamtandika tandiko lile lile, akapanda, akakaa vizuri. Naye alikuwa mama mwenye mwili wake.

"Mize, shuka. Mgongo. Mgongo unauma."

Radi alikuwa pembeni anakula pumba. Akatafuna, akameza.

"Kisingizio hicho nakijua," akasema.

Bi Mize akashuka. Bwana Faki akainuka, akachukua kisu, akafumua hirizi zote tatu kwa mkono wake, akazitundika mlangoni pa banda. Habari ya kinu haikutajwa tena. Radi alipumzishwa mpaka mgongo ukapona, na siku alipotandikwa aliondoka kabla hajaambiwa.

Ikaja palizi. Bwana Faki akashika kiuno. "Mke wangu, mgongo unauma."

Bi Mize hakubishana. Akamlaza kifudifudi, akambinya bega. Bwana Faki akalia. Akambinya kiuno. Akalia. Akambinya sikio. Akalia zaidi.

Bi Mize akamletea jembe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kuni nazo zimeishia hapo. Nani anakwenda kuleta nyingine? Wewe? Mgongo? Sogea karibu, nikubinye.