Otilia na Neno Alilolijua kwa Macho

Seremala mmoja wa Mbinga, jina lake Ndimbo, alikuwa na meza. Siku za kazi aliiwekea randa na misumari. Jumamosi alasiri aliipangusa vumbi la mbao, akaweka birika la chai, na watu wakaja kucheza hadithi. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: Ndimbo, mwenye meza, alisimulia safari, na kila aliyeketi alikuwa mtu mmojawapo ndani ya safari hiyo, akisema anachotenda. Penye shaka, dadu ilirushwa ikaamua. Sheria iliyozipita zote ilikuwa moja: kisichosemwa hakijatendeka. Ukiwaza kuchomoa upanga na usiseme, upanga ungali alani.

Mezani hapo akaja mshonaji wa sare za shule, Otilia Komba. Miaka miwili nyuma alikikuta kitabu cha mchezo huo sokoni, kimechanganyika na karatasi za kufungia maandazi. Kilikuwa cha lugha ya kigeni, tena hakina jalada. Alikisoma peke yake, kamusi ikiwa kando ya cherehani, mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akakirudia. Hakuwa na mtu wa kucheza naye. Maneno yote ya kitabu hicho aliyajua kwa macho. Hakuna hata moja lililowahi kupita sikioni mwake. Aliposikia kwamba mjini mle mle kuna watu wanaoketi na kucheza, alifunga duka mapema, akaenda nusu akitembea, nusu akikimbia.

Walimkaribisha vizuri. Ndimbo akamuuliza yeye atakuwa nani katika safari. Otilia akajibu kuwa atakuwa mlinzi, mwenye nguvu iitwayo Gaeth. Hivyo ndivyo lilivyoandikwa. Naye alilisoma kama asomavyo mtu aliyelelewa na Kiswahili, kila herufi na haki yake: "Ga-e-thi."

Kasiani, fundi simu, alicheka mpaka chai ikampalia. Yeye alizoea kuwasikiliza watu wa ng'ambo wakiucheza mchezo huo kwenye simu, kwa hiyo matamshi aliyajua. "Gaethi! Dada, hiyo ni dawa ya minyoo? Sema Geth." Haule, mpima kahawa wa chama cha ushirika, ambaye mwenyewe alisema Gaiti, naye akacheka, maana ni raha kucheka siku anapochekwa mwingine.

Kasiani hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mchezo, na alipenda kujua. Lakini tangu siku ile kila Otilia alipofungua kinywa alirudishwa darasa la kwanza. Akaanza kuchagua maneno mepesi. Baadaye akaanza kuchagua kunyamaza. "Natembea nyuma yao," alisema, Jumamosi baada ya Jumamosi. Dukani kwake, akiwa peke yake, alijaribu kusema Geth, na neno likamtoka kama kiatu cha kuazima.

Katika mwezi wake wa kumi safari ilifika kwenye mlango wa mlima, na mlangoni palikuwa na joka. Wote walijua kwamba wakifa hapo, hadithi ya miezi kumi imekufa nao, wala haifufuliwi. Na siku hiyo dadu iliwakataa. Askari wa Haule alianguka. Akafuata tabibu wa Kasiani, ambaye Kasiani alikuwa amempa jina la marehemu mama yake, Yustina. Alilala chini, angali na pumzi lakini hawezi kuinuka. Joka likavuta hewa. Pumzi ile ikirudi, itarudi moto.

"Unafanya nini?" Ndimbo akamuuliza Haule. Haule akatikisa kichwa. Ndimbo akamgeukia Kasiani. Kasiani alipekuapekua karatasi zake, akasema, "Sina kitu, Mzee Ndimbo. Sina kitu." Ndipo mwenye meza akamgeukia Otilia.

Otilia alijua. Iliandikwa katika ukurasa wa tatu kutoka mwisho wa kitabu: Gaeth ni kusimama mahali pa wenzako wote, mara moja tu katika safari nzima. Wengine hawakuwahi kufika ukurasa huo. Ndimbo alikuwa ameufikia, lakini mwenye meza hamtilii mtu neno kinywani. Akangoja.

Otilia angeweza kusema kwamba anatembea nyuma yao, akaepuka kicheko, nao wakaungua. Akamtazama Kasiani, aliyekuwa ameliinamia jina la mama yake kwenye karatasi. Akakumbuka kwamba neno hili lilikaa naye miaka miwili, katika siku ambazo hakuwa na mwenzi mwingine, wala halikumwonea haya hata mara moja. Kwa nini yeye alionee haya?

Akasimama. "Nasimama mbele yao wote," akasema, na sauti yake ikajaa karakana. "Ga-e-thi!"

Mdomo wa Kasiani ulifunguka kwa mazoea, ukafungika wenyewe.

"Limesikika," akasema Ndimbo.

Moto wote ukaja juu ya mlinzi mmoja. Ili asimame alihitaji tano au sita. Chini ya hapo ni majivu. Otilia akarusha. Dadu ilipita katikati ya vikombe, ikagonga birika, ikazunguka, ikatulia. Sita! Ndimbo akasimulia, naye mwenyewe amesimama, jinsi moto ulivyopasuka kama maji yanavyopasuka kwenye mwamba, jinsi mlinzi alivyotoka ndani ya moshi, ngao yake nyekundu mithili ya kaa la moto, akalichoma joka chini ya koo, nalo likaporomoka bondeni. Haule alipiga meza kwa viganja. Kasiani alipanda juu ya kiti, akapaza sauti kama mtu aliyerudishiwa mzazi: "Ga-e-thi! Ga-e-thi!" Wauza mboga wa ng'ambo ya barabara wakapiga vigelegele bila kujua wanachoshangilia. Na Otilia alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

Walipotulia, Kasiani aliungama jambo. Wale watu wa ng'ambo aliowasikiliza walikuwa wakilitamka neno lile kwa namna mbili, wakibishana, wala hawakupatana. Yeye alichukua namna moja, ya pili akaificha. "Nisamehe, dada," akasema. Otilia akamsamehe. Haule aliendelea na Gaiti yake, na safari ile ikaendelea miaka mitatu zaidi, mlinzi akitembea mbele.

Basi ninyi mnaosikia: ikiwa hakuna ajuaye ni neno la nani litakalomwokoa, kwa nini mtu alicheke kabla hajalihitaji?