Mkwe Aliyeingia Kinyumenyume

Ngano iko mlangoni!
Ifungulie!
Itangulize kichwa au itangulize mkia?
Itangulize kichwa!
Haya, nimewasikia. Ngojeni mwisho, mtajua kama mmechagua vizuri.

Hapo zamani, zamani za kale, alikuwepo Ngiri mmoja kijana, mwenye hasira za karibu na maneno yaliyonyooka. Alimwoa Sikitu, na wawili hao walikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba mpya. Nyumba yenyewe aliichimba Muhanga, fundi wa mashimo: mlango mmoja, ujia mwembamba, chumba kimoja. Ngiri aliipenda nyumba ile mpaka akawa anatoka nje ili tu apate kuingia tena.

Masika yakaingia. Kule bondeni, mama yake Sikitu, Bi Nyamizi, alikuwa hajiwezi kwa magoti. Yamevimba, yamekaa kama maboga mawili. Na shimo lake la zamani lilikuwa limeanza kuvuja. Sikitu akamwambia mumewe kwamba mama akibaki kule, maji yatamkuta amelala na hataweza kuinuka. Ngiri hakumwacha amalize. Alisema mama aje, tena aje leo.

Basi Sikitu akamleta mama yake polepole, na Ngiri akatangulia mbele sana, bila kugeuka, akiondoa miiba njiani.

Mnauliza kwa nini hakugeuka? Mila. Ngiri mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala mama mkwe hamtazami yeye. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Wakiwa na neno, wanakiambia kitu kilicho karibu, nacho ndicho kinachodhaniwa kufikisha. Porini mila hiyo haina taabu, vichaka ni vingi. Lakini ndani ya chumba kimoja, kichaka kiko wapi?

Jioni ya kwanza Ngiri akaingia kwake kama alivyozoea, kichwa mbele. Macho kwa macho na mkwe wake. Bi Nyamizi akajifunika majani ya kulalia, akageukia ukutani, na uji wake ukapoa bila kuguswa. Akasema na chungu cha dawa kilichokuwa ubavuni pake.

"Chungu, mwambie mume wa binti yangu anisamehe. Nimemwaibisha nyumbani kwake."

Ngiri akatoka mbio, akalala nje. Mvua ikamnyeshea, ikamnyeshea, ikamnyeshea. Asubuhi alipiga chafya mpaka masikio yakapigana. Bi Nyamizi akazisikia zile chafya, akakiambia chungu kwamba yeye si mtu wa kumlaza mwenye nyumba nje, bora arudi bondeni.

"Chungu," Ngiri akajibu kutoka mlangoni, "mwambie mama hakuna anayekwenda bondeni."

Jioni ya pili akapata akili mpya. Akafumba macho, akaingia kichwa mbele. Mguu wa kwanza ukapiga chungu, dawa ikamwagika. Mguu wa pili ukapiga ukuta. Mguu wa tatu ukakanyaga goti la mkwe wake, lile la kushoto, lile baya zaidi. Bi Nyamizi alitoa sauti iliyowaondoa ndege mitini.

"Mume wangu," Sikitu akasema, "umefumba macho, na akili nayo umeifumba?"

Ngiri akarudi nje kwenye mvua. Bi Nyamizi akakitafuta chungu, akakikuta kimelala ubavu. "Chungu, kama ungali mzima, waambie kesho jua likielekea kuzama, naondoka. Na asinizuie mtu."

Siku ya tatu Sikitu alikwenda kulichungulia lile shimo la bondeni, akarudi analia. Maji yamefika mlangoni. Akamsihi mama, mama akakataa. Ngiri naye akaenda mbio kwa Muhanga kumwomba achimbe chumba cha pili. Muhanga akacheka. Akamweleza kwamba udongo umelowa, ukichimbwa sasa paa litawaangukia wote watatu, arudi kiangazi. Ngiri akamfokea, akaona amekosea, akaomba radhi, akaondoka.

Alipofika kwake, jua limeinama na Bi Nyamizi ameshaanza kukusanya majani yake. Ngiri alikuwa na hasira na mvua, ana hasira na Muhanga, ana hasira na mlango wenyewe. Kwa hasira akaupa mlango mgongo, akaketi kwa kishindo. Makalio yakazama shimoni.

Akatulia. Akajisukuma kidogo. Yakapita. Akajisukuma tena. Yakapita tena.

Kinyumenyume, kinyumenyume, kinyumenyume mpaka ndani.

"Hodi, mama," akasema, uso wake ukitazama nje. "Anakuja mkia."

Bi Nyamizi aliinua macho, akaona mkia umesimama wima na kishungi chake, unakuja kwa heshima zote. Kicheko kikamtoka puani, kikafika tumboni, kikayafikia magoti yenyewe.

"Chungu," akasema akijifuta machozi, "mwambie mkwe wangu kwamba mila ilikataza uso. Kuhusu upande huo, wazee hawakuacha neno."

Akaomba uji. Akanywa bakuli la kwanza, akaomba la pili.

Sasa, kulikuwa na Fisi. Siku zote tatu alikuwa amejibanza nyuma ya kichuguu, akisikiliza ugomvi wa watu. Alijua ndani mna mgonjwa asiye na mbio. Alijua pia kwamba mwenye nyumba huingia kichwa mbele, na miguu yake ya nyuma hubaki mlangoni kama nyama iliyotundikwa. Lakini siku hiyo ya tatu alisinzia kidogo, akaamka na kuona nyayo mbichi tu mlangoni. Akadhani Ngiri ndiyo kwanza anaingia. Akarukia shimo, mdomo wazi, akitafuta paja.

Akakuta meno mawili ya Ngiri, yamepinda kama miundu. Hasira zote za siku tatu zilikuwa nyuma ya meno yale, na Fisi akazipokea peke yake. Alitoka amepungukiwa sikio moja.

Bi Nyamizi alikuwa ameinuka nusu, kwa magoti yale yale. Hakukitafuta chungu.

"Mwanangu, umeumia?"

"Sijaumia, mama," Ngiri akajibu, macho yake mlangoni.

"Basi nakaa," akasema. "Na mke wako azidishe chumvi kwenye uji. Nimenyamaza siku tatu."

Sitawadanganya, magoti hayakupona. Lakini Bi Nyamizi aliishi mle masika mengi, akipika dawa yake, akimcheka mkwe wake kila mkia ulipobisha hodi. Mpaka leo mtazame ngiri anapoingia shimoni: kinyumenyume, kinyumenyume, kinyumenyume mpaka ndani.

Mafunzo yake nayasema waziwazi. Ukimpokea mkwe mgonjwa, usingoje nyumba ikue. Geuka wewe.

Mimi mwenyewe nilijaribu kwa mama mkwe wangu, nikakalia sufuria la maharage.

Ngano yangu imerudi shimoni, imetanguliza mkia. Anayetaka kuifuata aingize kichwa.