Mkate Usio na Alama

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu aliishi mjane mchamungu aitwaye Lubaba, mtunzaji wa tanuri la mtaa. Kila nyumba ilimletea madonge ya unga uliokwisha kukandwa, naye akayaoka. Ili mikate isichanganyike, kila mwanamke aliweka alama yake juu ya donge: huyu vidole vitatu, yule jani la mnanaa, mwingine kokwa ya tende. Ujira wa Lubaba ulikuwa tonge dogo kutoka kila nyumba. Aliyakusanya matonge hayo, akayakanda pamoja, akaoka mkate wa kula yeye na bintiye.

Binti huyo, Unaisa, alikuwa na miaka saba, na hasira zake zilijulikana mtaa mzima. Akikatazwa jambo alijitupa chini, akauma watu, akarusha majivu. Majirani walisema hajaonja fimbo. Lubaba alikwisha kumwonjesha, na hakupata ila majuto.

Siku ya kuamkia Idi, Lubaba alipokuwa katika swala ya Alasiri, Unaisa alipita ubao kwa ubao palipopangwa madonge, akazifuta alama zote kwa kiganja. Madonge arobaini. Mama alipotoa salamu na kugeuka, alimkuta akifuta ya mwisho. Akainua mikono kumwapiza mwanawe. Neno la kwanza lilikwisha kufika ulimini alipokumbuka kwamba dua ya mzazi haina pazia mbele ya Mungu. Akalimeza. Mikono ikabaki juu, ikawa sasa yaomba jambo jingine: "Ee Mola wangu, mtengeneze mwanangu, na unitengeneze mimi kwanza."

Kisha akachuchumaa hata macho yao yakawa sawa, akamuuliza kwa upole kwa nini amefanya vile. Hakuwahi kumuuliza hivyo kabla.

"Mikate yote ina wenyewe, mama," mtoto akasema. "Wetu tu ndio hauna alama."

Miaka yote Lubaba alimfundisha mtoto alama za watu, na hakuwahi kumwekea yake.

Wanawake walipofika, ugomvi ukazuka. Mmoja alilalamika kwamba alichekecha unga wake mara tatu, na leo atakula pumba za jirani yake Rababu.

"Pumba zangu zimelowa jasho la halali, bibi," Rababu akamjibu. "Zitakufaa tumboni."

Hajati Safura, mkubwa wao, akawanyamazisha, akataka kujua nani amefuta. Akasema kwamba ikiwa ni yule mtoto, basi apelekwe kwa wajomba zake jangwani, la sivyo tanuri litafutiwe mtunzaji mwingine kabla ya swala ya Idi.

Hapo Rababu, aliyekuwa na huruma kuliko ulimi wake ulivyoonyesha, akamsogelea Lubaba na kumnong'oneza aseme kwamba unga umeumuka ukazimeza alama. Yeye angemtolea ushahidi.

"Allah akulipe, dada yangu," Lubaba akasema. "Lakini mtoto amesimama pale, ananisikia."

Akamshika Unaisa mkono, akawaambia wote ukweli: mtoto ndiye aliyefuta, naye mama ndiye aliyemwacha miaka saba akiwa mgeni penye mikate ya watu. Hatampeleka jangwani. Wakitaka tanuri lao, walitwae, atawakabidhi bila kinyongo.

Unaisa hakupiga kelele. Aliung'ang'ania mkono ule, akimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

Hajati Safura akamega kipande kutoka donge mojawapo, bila kujua ni la nani, akakifinyanga na kumwekea mtoto mbele yake. "Haya, mjukuu wangu. Alama yako ni ipi?"

Unaisa akafikiri. Akainama, akaliuma donge pembeni.

Rababu ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata. Mikate ikaokwa, kila nyumba ikachukua uliofika mkononi, na Idi ile kila mmoja alipiga bismillahi juu ya mkate wa jirani yake.

Hasira za Unaisa hazikuisha siku moja. Zilipomjia, mama yake alimshika na kungoja zipite, kama angojavyo unga uumuke. Mtoto akapewa kazi ya kulinda alama, na kabla ya mwaka kupita alizijua zote arobaini kwa moyo. Alipokuwa mtu mzima tanuri likawa lake, na kila siku alitoa mkate mmoja wenye alama ya meno, akampa mtoto yeyote aliyemwona analia njiani.

Basi, enyi wazazi wenzangu, mtoto anapotusumbua, tuinue mikono kumwombea, kisha tuishushe tumshike. Na tumuulize. Huenda anatafuta alama yake.