Kinundu Kilichovundikwa Siku Saba

Wacha kubetua midomo, Mwatumu. Umesikia nusu, umekwisha hukumu. Eti mbwa hana kope tatu, eti mbwa halii machozi. Wewe umemkagua mbwa gani? Umempita wangu hapo nje, jicho la kushoto jeupe kama tui, ukacheka. Haya, kaa chini, na wenzako wakae. Asiyeamini atoke sasa, mlango si mzito.

Ngano ninayo!

Ilete!

Ina mfupa!

Tutautafuna!

Utawakwama!

Tutaumeza!

Haya, mezeni.

Palikuwa na mbwa kijana, jina lake Gogo. Miezi sita tu, lakini mkubwa kama ndama, miguu kama michi. Alilinda mbuzi pamoja na mama yake, aliyekwisha anza kupoteza meno. Siku moja Gogo akaamka na kinundu chekundu pembeni mwa jicho la kushoto, kwenye ile kope ya tatu ya ndani. Kinundu chenyewe kama nyanya ndogo ya porini. Akajikuna, kwara kwara. Kikazidi kuvimba.

Mama Gogo akaogopa. Akampeleka kwa Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa mganga wa pori lile, kwa kuwa alikuwa na meno makali na hakuna aliyetaka kubishana nayo.

"Kinyama cha ziada hicho," Fisi akasema, mate yakimtoka. "Hakina kazi."

"Kikatwe?"

"Kikatwe."

"Basi kata upesi, mganga, mwanangu asiteseke."

Kacha! Fisi akakata. Nyam! Fisi akameza.

Wiki ya kwanza mama akafurahi. Wiki ya pili jicho likakauka. Wiki ya tatu likajaa utongo unaonata kama gundi. Kisha likafanya ukungu kama kioo cha taa kilichoshika moshi, na Gogo asione tena upande wa kushoto. Mama yake akahamia upande huo. Akitembea, anatembea kushoto kwake. Akilala, analala kushoto kwake. "Mimi ndiye jicho lako," akamwambia. Hakumwambia kitu kingine. Angesema nini, na yeye ndiye aliyesema kata?

Mwezi haukuisha, na jicho la kulia likatoa kinundu.

Mama Gogo akalia. Juu ya mgunga palikuwa na Mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayefuma viota vya kuning'inia. Mnana akachungulia.

"Unalilia nini, mama?"

"Mwanangu atakuwa kipofu."

"Atakuwa kipofu kikikatwa. Kile si kinyama cha ziada. Ni kisima cha machozi, kimetoka mahali pake. Kinarudishwa."

Mama akakisukuma kwa ulimi, taratibu. Kikaingia. Gogo akapiga chafya. Kikatoka. Akakisukuma tena. Kikatoka tena.

"Lazima kichimbiwe kimfuko na kushonwa," Mnana akasema. "Kushona najua. Lakini mwanao ni jitu zima, na mimi sina uzito wa sikio lake. Nani atamshika?"

Hawajajibizana zaidi, Fisi huyo anakuja, chapa chapa. Harufu ya kinundu ilikuwa imemfikia.

"Shikamoo, babu mganga," Mnana akasema.

"Marahaba, kipande cha manyoya. Sogea, nina kazi."

"Sikuzuii, babu. Nakuonea huruma tu. Unakula mbichi."

"Mbichi vipi?"

"Kile cha kwanza kilikuwaje?"

"Kitamu. Ila kidogo. Kimefika tumboni ulimi haujajua."

"Si ndiyo hivyo! Watu wa kijijini wakikata mkungu wa ndizi, wanaula siku hiyohiyo?"

Fisi akakuna shingo. Aliwahi kuiba mkungu mbichi, utomvu ukamgandisha mdomo siku mbili. "Hawauli. Wanauvundika. Wanautia shimoni, wanafunika, siku saba."

"Na zikitoka?"

"Laini. Zimenona."

"Na hicho tukivundike, babu. Tukirudishe shimoni, tushone mdomo wa shimo. Siku saba. Kitatoka kikubwa kama ini la ng'ombe."

"Kama ini?"

"Kama ini. Basi tu hatuna mtu wa nguvu wa kumshika mgonjwa."

"Na mimi ni nani?" Fisi akanguruma, akamlalia Gogo mzimamzima.

Mnana akachana kimfuko kwa ncha ya mdomo, akakitumbukiza kinundu, akashona kwa unywele wa mkia wa punda. Choma, vuta. Choma, vuta. Gogo akalia, kwii, kwii! Fisi akamkaza. Choma, vuta. Kwisha.

"Sasa, babu, ndizi zikifunuliwa mapema, si zinaharibika? Akijikuna, ini limekwenda."

Fisi akatafuta kapu bovu lililotoboka kitako, akamvisha Gogo shingoni. Siku ya kwanza Gogo akainua mguu ajikune. "Shusha!" Fisi akasema. Gogo akashusha. Siku ya pili nzi wakaja. Fisi akawapepea kwa mkia. Siku ya tatu Mnana akasema, "Mgonjwa akikonda, na ini litakonda." Fisi akaleta mifupa yake, akamlisha Gogo, mwenyewe akalala njaa. Siku ya nne, njaa. Ya tano, njaa. Ya sita akamwita Gogo mwanangu.

Siku ya saba Fisi akamvua Gogo kapu. Akafunua kope. Hakuona ini. Aliona jicho zima, jeusi, lenye maji, na ndani yake fisi mwembamba.

"Ini liko wapi?"

"Limo shimoni, babu," Mnana akasema kutoka juu. "Lichukue."

Gogo akasimama, kashiba mifupa ya siku tano. Kwaa! Fisi akatoka mbio, nyonga imechanika.

Mngependa niishie hapo. Siishii hapo.

Fisi alikuwa amekaa na mgonjwa wake siku saba. Alimjua. Asubuhi moja ya mvua akaja tena, na hakuja upande wa kulia. Mnana akapiga kelele, lakini sauti ya Mnana ndani ya mvua ni nini? Mama Gogo alikuwa amelala pale pale alipolala kila siku, kushoto. Gogo akasikia, akageuza lile kichwa lake zito mpaka jicho la kulia likafika. Likakuta pahali pakavu pa umbo la mama yake, mvua inaanza kupalowesha.

Gogo akalia. Jicho la kulia likatoa machozi. La kushoto likabaki kavu.

Mnana akashuka, akalitazama jicho, upande huu, upande huu.

"Kisima kinafanya kazi," akasema. Akarudi kufuma.

Ngano imeisha, mfupa huo hapo, gombanieni. Mnataka na funzo? Mkiugua, nendeni kwa mganga mwenye njaa. Atawashika vizuri, atawapepea nzi, atawapa na chakula chake. Na mama akisema kata upesi, acheni pakatwe. Mama hakosei.

Mwatumu, unajifuta nini, na mbwa halii?

Mimi natoka, nikakae na yule mnayemcheka. Upande wake wa kushoto. Mlango naufunga, na asinigongee mtu.