Fisi Aliyeivisha Ndizi kwa Panga

Mwaka ule vuli haikunyesha kabisa, na masika yalikuja siku nne tu, yakaaga. Katika bonde la Matindi mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, maharage yakawa kamba, na wanyama wote wakabaki wanaitazama migomba. Migomba ilikuwa imebeba, Mungu ashukuriwe, lakini ndizi zenyewe zilikuwa changa, nyembamba kama vidole vya ngedere. Zilihitaji miezi mitatu zaidi, na matumbo hayakuwa na miezi mitatu.

Ndipo Fisi akatokea na panga lake.

"Jamani, mimi nimejaliwa mkono!" akatangaza njia panda, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. "Nikiuchanja mgomba kwa panga hili na kunuiza maneno yangu, mwezi haupiti ndizi zinakuwa manjano. Ujira wangu mdogo tu: mkungu mmoja mbichi kwa kila shamba."

"Mbona mbichi?" akauliza Bi Nungunungu, mjane mwenye migomba kumi na miwili na miiba isiyohesabika.

"Unyenyekevu, bibi yangu. Mbivu nawaachia nyinyi wenye njaa."

Wanyama wakaguna kwa kuguswa. Fisi kawa mnyenyekevu! Swala alitokwa na machozi. Siku hiyo hiyo mashamba sita yakachanjwa.

Sungura alirudi nyumbani akicheka mpaka masikio yakamfunika macho. "Mke wangu, njoo usikie! Bonde zima mazuzu! Wamempa Fisi ndizi ili awape maneno!" Akacheka wee. Lakini tumbo lake lilikuwa halicheki. Alikuwa na watoto saba na migomba arobaini, na hiyo arobaini ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya wale saba na njaa. Siku mbili baadaye, mkewe alipokwenda kisimani, Sungura mjanja, Sungura bingwa, akamwita Fisi kwa mlango wa uani.

"Mitatu tu, Bwana Fisi. Ile ya pembeni kabisa. Na usimwambie mtu."

"Siri yako na yangu," akasema Fisi, akachanja mitatu, akabeba mkungu mbichi, akaondoka anaimba.

Mwezi ulipokuwa ukingoni, Sungura akanyata hadi kule pembeni. Loo! Manjano! Mikungu mitatu, manjano kama viini vya mayai! Akaruka. Akajipiga kofi la furaha. Akacheza peke yake, akijipigia makofi na kujiitikia mwenyewe, kisha akachuma ndizi moja, akaimenya, akafumba macho, akaing'ata.

Akafumbua macho. Ilikuwa kama kutafuna mkeka. Ndani palikuwa pa kahawia, pakavu, pagumu. Akang'ata ya pili, mkeka. Ya tatu, mkeka na uchungu juu yake. Sasa ndipo alipoinua kichwa akaangalia vizuri. Majani yalikuwa yamelegea na kuning'inia kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Akalikwaruza shina kwa ukucha, na pale pale likatoa usaha wa manjano, mzito, kama jipu lililotumbuliwa.

"Ee Mola wangu," akanong'ona. "Nimenunua ugonjwa kwa mkungu mzima."

Je, alimwambia mkewe? Hakumwambia. Alirundika majani makavu mbele ya ile mitatu, akanawa mikono mara tatu, akaenda kukaa kivulini kama asiye na habari.

Hapo akapita Bi Nungunungu, miiba imelala kwa huzuni.

"Migomba yangu yote, mwanangu. Yote kumi na miwili. Imeiva kwa siku moja, na hakuna hata ndizi moja inayolika. Nimemfuata Fisi, ananiambia eti imani yangu ndogo."

"Pole, bibi."

"Pole haishibishi. Nimesali, nimefunga, nimeomba msamaha hata kwa dhambi za marehemu mume wangu, na zile ni nyingi. Imani ipi tena anaitaka?"

Kabla Sungura hajajibu, Fisi mwenyewe akatokea njiani na mikungu miwili mibichi mabegani. Mbele yake, katikati ya njia, palikuwa na mkungu mbivu ulioanguka kutoka shamba la bibi, manjano tupu. Fisi akauruka. Hakugeuza hata shingo.

Sungura akasimama wima. Fisi huyu aliwahi kula ngozi ya ngoma harusini, na ngoma ikiwa inapigwa! Leo anaruka mkungu mbivu bila hata kuunusa? Basi anajua. Anajua kilichomo ndani, ndiyo maana siku zote anataka mbichi.

Jioni hiyo mjumbe wa Mfalme Simba akapita anapiga mbiu. Kesho asubuhi kila shamba lililobaki litachanjwa, la mfalme na la raia, na kazi itaanzia kwa Sungura, kwa kuwa migomba yake ndiyo mibichi kuliko yote. Mfalme alikuwa amesema kwa kinywa chake, "Haiwezekani ndizi zangu zisubiri msimu kama ndizi za panya."

Sungura aliingia ndani, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Una nini wewe?" akauliza mkewe.

"Mke wangu, wale mazuzu niliowasema..."

"Ehe?"

"Mimi ni mmoja wao."

Akaeleza yote, mlango wa uani, mitatu, majani makavu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na sasa?"

"Nikisema ugonjwa unatembea na panga, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, watanicheka mpaka nife."

"Basi ufe umechekwa, watoto wangu wawe wameshiba," akasema mkewe. "Kesho utayasema haya mbele za watu, au nitayasema mimi, na mimi nitayaremba."

Asubuhi uwanja ulijaa. Simba alikaa kwenye kiti chake, manyoya yamechanwa. Fisi akakunja mikono ya kanzu, akainua panga mbele ya mgomba wa kwanza wa Sungura.

"Subiri!" Sungura akaruka mbele. "Mfalme wangu, nina la kukiri. Nilimwita Fisi kwa siri. Mimi. Nilimpa mkungu mzima anichanjie mitatu."

Bonde likalipuka. Nyani alianguka kwa kicheko. "Sungura! Kaliwa na Fisi!" "Mwerevu wetu kapigwa!" Hata Simba alificha mdomo kwa kucha. Sungura akasimama katikati yao, masikio yamemwiva kwa aibu, akangoja mpaka wakaishiwa pumzi.

"Mmemaliza? Njooni basi mwone nilichonunua."

Akawapeleka pembeni, akaondoa majani, akapasua ndizi wakaona kahawia, akakwaruza shina wakaona usaha. Vicheko vikakoma. Wenye mashamba yaliyochanjwa wakaanza kutazamana, maana kila mmoja alikuwa na rundo lake la majani makavu.

"Imani yake ndogo huyu!" akapaza sauti Fisi.

"Kweli, ndogo," akasema Sungura. "Lakini yako kubwa, Bwana Fisi. Hizi hapa ndizi ulizoziivisha mwenyewe. Karibu."

Akamwekea chane nzima miguuni. Fisi akaitazama. Akarudi hatua moja.

"Leo... leo nimefunga."

"FISI?" wakapiga kelele wote kwa pamoja, hata viziwi.

"Tangu alfajiri," akasema Fisi, jasho linamtiririka.

"Nimekuona alfajiri unakula kamba ya mbuzi wangu!" akasema Bi Nungunungu, na miiba yake yote ikasimama. "Na mbuzi akiwa bado amefungwa nayo!"

Simba akainuka polepole. "Fungua mfungo. Mfalme amekukaribisha."

Fisi akamenya moja. Akatafuna. Akatafuna tena. Macho yakamtoka, shavu likavimba, koo likakataa. Yeye aliyekula ngozi ya ngoma alitema ndizi ile mchangani na kupangusa ulimi kwa kanzu ya watu.

"Basi! Nasema! Shamba langu ndilo lililougua kwanza. Nikaona, panga likitoka kwenye mgomba mgonjwa likakata mzima, na huo mzima unakufa. Nikajiambia, ndizi zikiisha bonde zima, mimi niwe na mikungu mibichi ndani. Njaa ndiyo iliyonituma, si mimi!"

"Njaa tunayo sote," akasema Bi Nungunungu. "Mbona sisi hatukuua shamba la mtu?"

Hukumu ikatolewa pale pale. Mikungu mibichi yote iliyokuwa kwa Fisi ikagawiwa kwa waliofiwa na migomba, wa kwanza mjane. Kisha Fisi akapewa jembe. Kila mgomba mgonjwa katika bonde, aung'oe na mizizi yake, auzike, na mahali hapo pasipandwe mgomba kwa miezi sita. Machipukizi ya shina lililougua, asichukue mtu. Ua linaloning'inia chini ya mkungu, livunjwe kwa kijiti cha panda na si kwa panga, wadudu wasipate pa kubebea ugonjwa. Na kila panga, kabla halijaugusa mgomba mwingine, lipite motoni mpaka tone la maji likidondokea lichemke.

"Isipokuwa la mfalme," akasema Simba. "Panga la mfalme haliugui."

"Basi mfalme alale nalo nyumbani," akasema Bi Nungunungu. "Shambani mwangu haliingii."

Simba akamtazama mjane, akaitazama miiba, akakohoa, akaamuru moto uletwe na panga lake liwe la kwanza. Akasimamia mwenyewe, kwa fahari, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Sungura hakumwachia Fisi ile ya pembeni. Aliing'oa kwa mikono yake, na mingine miwili iliyosimama kando yake, ambayo majani yake yalikuwa yameanza kulegea, mkewe akihesabu kwa sauti ili majirani wasikie. Mitano ikazikwa. Thelathini na mitano ikabaki, mizima. Walikula mboga za porini na kulala na njaa nusu kwa miezi miwili iliyobaki, kisha ndizi zikaiva zenyewe, tamu, nyeupe ndani, na wale saba wakala mpaka wakalalia migongo.

Lakini vicheko havikwisha. Kila mara mtu alimuuliza ilikuwaje mjanja kama yeye akadanganywa na Fisi. Sungura alikuwa na uongo mwingi mzuri wa kujibia. Hakuutumia hata mmoja.

"Nilitaka kula kabla Mungu hajaivisha," alisema, akashika panga lake, akaenda kuliweka motoni.