Mlinzi Aliyelazwa

"Hivi mashine nayo huwekewa mlinzi wa kuigutusha?" jirani yake Aselefech alimuuliza Yeshimebet, mtunzaji wa mashine, siku ile fundi Dagmawi alipofika mjini Bishoftu kubadilisha programu ya mashine ya kutotoleshea vifaranga.

Yeshimebet alicheka, lakini jibu lilikuwa ndiyo. Ndani ya kompyuta ndogo iliyoongoza joto la mayai mlikuwa na saa ya ulinzi. Kila dakika kompyuta iliipigia hodi. Hodi isiposikika, saa iliamini mwenzake amezimia, ikamzima na kumwasha upya. Lakini kuweka programu mpya kulichukua dakika saba, na kompyuta iliyo kazini hivyo haipati nafasi ya kupiga hodi. Mara mbili Dagmawi alianza, mara mbili saa ikaikata kazi katikati.

"Ngoja nimlaze huyu mlinzi," alisema, jasho likimchuruzika. "Nikimaliza nitamwamsha."

Mashine ilikuwa na mayai elfu mbili ya chama cha wajane, siku ya kumi na sita kati ya ishirini na moja za kuatamiwa. Wanawake sita wa chama walikwisha kujenga mabanda ya vifaranga.

Safari hii programu iliingia kama maji mtungini. Papo hapo Yeshimebet akaita, "Njoo, mwanangu, kahawa tayari!"

"Dakika moja, mama. Nimwamshe mlinzi."

"Kwani ana miguu? Hatakimbia. Kahawa ndiyo inayopoa."

"Na asiyefika kikombe cha tatu ameikimbia baraka," Aselefech akadakia. "Au kwenu mlifunzwa kunywa mkiwa wima, kama punda?"

Dagmawi akacheka, akaketi. Kikombe cha tatu kilipokwisha, gari la kumrudisha Addis Ababa lilikuwa likipiga honi mlangoni.

"Jumatatu narudi kupima joto," alisema akikimbia. "Nitamwamsha siku hiyo."

Jumapili asubuhi, Yeshimebet akiwa kanisani, kompyuta iliganda huku kipasha joto kikiwaka. Hapakuwa na wa kuizindua. Aliporudi na kufungua mlango wa mashine, joto lilimpiga usoni kama pumzi ya tanuri. Alipasua yai moja. Kifaranga kilikuwa kimejikunja ndani, manyoya mabichi, kimya. Akapasua la pili, na la tatu. Hakuwa na moyo wa kupasua la nne.

Jumatatu Dagmawi aliikagua mashine, akainamisha kichwa. "Ilitakiwa dakika moja tu, mama."

"Niliinywa mimi dakika hiyo," alisema Yeshimebet.

"Hapana. Wewe ulinikaribisha tu. Kazi ilikuwa yangu."

Wajane walisimama ukutani, mikono vifuani. Dagmawi akamwamsha mlinzi wa mashine tupu. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika. Akafunga mkoba wake, akapita mbele ya wale wanawake, akatoka. Kweli, liwezekanalo leo lisingoje kesho.